Kipande cha Tiketi: Bei, Thamani na Kumbukumbu

Utangulizi

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri la mwaka wa pili, tuliwapa wanafunzi wetu aya moja ya Kiingereza kuhusu Wamarekani wanaokusanya vipande vya tiketi za zamani za mchezo wa besiboli. Tulidhani kazi hiyo ingechukua nusu saa. Ilichukua saa mbili, na hatukuimaliza. Kikwazo cha kwanza kilikuwa jina la kile kipande anachobaki nacho mtazamaji baada ya tiketi yake kukatwa mlangoni. Mwanafunzi mmoja alipendekeza "kisiki cha tikiti". Darasa zima lilicheka, maana tikiti lina maana mbili na kila mmoja aliliona shamba la matikiti maji lenye visiki. Wengine walipendekeza "mkia" na "masalio". Mwishowe tuliafikiana kutumia "kipande cha tiketi", kwa kuwa msomaji wa kawaida ataelewa bila kuhitaji maelezo.

Kikwazo cha pili kilikuwa kigumu zaidi. Aya ilieleza kuwa mwaka 2022 kipande kimoja cha aina hiyo kiliuzwa mnadani kwa dola za Marekani 480,000. Mwanafunzi aliyekaa nyuma akauliza: "Mwalimu, tuandike hiyo ndiyo bei yake au ndiyo thamani yake?" Hatukuwa na jibu la papo kwa hapo. Makala haya ni jaribio letu la kumjibu, na tunaamini kuwa yatawafaa pia walimu wengine wanaofundisha tofauti ya maneno hayo mawili.

Kipande hiki kilitoka wapi?

Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe, besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji 9 kila upande, kwa awamu 9. Mrushaji wa timu moja humrushia mpira mpigaji wa timu nyingine. Mpigaji akifanikiwa kuupiga, hukimbia kuvizunguka vituo vinne ili kuipatia timu yake alama. Kwa kawaida mchezo huu huchezwa uwanjani bila paa, hivyo adui yake mkubwa tangu zamani ni mvua.

Mvua hiyo ndiyo iliyokipa kipande cha tiketi kazi yake. Katika karne ya 19 wenye timu walikabiliwa na malalamiko ya watu waliolipa kiingilio, kisha mchezo ukakatizwa na mvua. Suluhisho lilikuwa kuchapa tiketi yenye sehemu mbili. Mlangoni, bawabu alikata sehemu moja na kubaki nayo, na mtazamaji akaondoka na nyingine. Sehemu hiyo ya pili ilikuwa ahadi: mchezo ukivunjika kabla ya kutimia kiwango kinachotambuliwa na kanuni, ambacho kwa kawaida ni awamu 5, mwenye kipande angeruhusiwa kurudi siku nyingine bila kulipa. Kiliitwa "rain check", yaani hati ya mvua. Wanafunzi wa isimu watafurahi kujua kuwa msemo huo ulitoka uwanjani ukaingia katika mazungumzo ya kila siku. Mmarekani anayeukataa mwaliko wako kwa adabu husema ataichukua hati ya mvua, akimaanisha kuwa mlango usifungwe, huenda akaja siku nyingine.

La kuzingatia hapa ni kwamba kipande kiliundwa kitumike kwa muda mfupi tu. Mchezo ukimalizika bila mvua, ahadi ilikwisha, na mwenye nacho hakuwa na sababu ya kukihifadhi. Watu wengi walikitupa chini ya viti, wengine wakakisahau mfukoni hadi siku ya kufua nguo. Thamani yote tunayoizungumzia katika makala haya inatokana na utupaji huo.

Siku ambayo hakuna aliyeijua, na siku ambayo kila mtu aliijua

Kipande kilichouzwa kwa dola 480,000 kinatoka katika mchezo wa tarehe 15 Aprili 1947, katika uwanja wa Ebbets Field, mtaa wa Brooklyn, New York. Siku hiyo Jackie Robinson aliichezea Brooklyn Dodgers kwa mara ya kwanza, akawa mchezaji Mweusi wa kwanza katika ligi kuu baada ya takriban miaka 60 ya ubaguzi. Kimchezo, hakung'ara. Alipewa nafasi tatu za kuhesabika za kupiga mpira na hakupata pigo lolote la kumfikisha kituoni, ingawa alifika kutokana na kosa la wapinzani na akaifungia timu yake alama. Dodgers waliwashinda Boston Braves kwa alama 5 kwa 3. Watazamaji walizidi 25,000, lakini vipande vinavyojulikana kusalia ni vichache mno. Uwanja wenyewe ulibomolewa mwaka 1960. Anayekishika kipande kile leo ameshika mojawapo ya vitu vichache vilivyokuwapo pale.

Tulinganishe na tarehe 6 Septemba 1995 mjini Baltimore. Siku hiyo Cal Ripken alicheza mchezo wake wa 2,131 mfululizo bila kukosa hata mmoja, akaivunja rekodi ya Lou Gehrig iliyodumu tangu mwaka 1939. Lilikuwa tukio kubwa, na uwanja ulijaa. Lakini kila aliyejua kuhesabu aliweza kuitaja tarehe hiyo miezi kadhaa kabla. Watu walikwenda wakiwa wamedhamiria kuzitunza tiketi zao, na wakazitunza. Kwa hiyo vipande vya siku hiyo si adimu, na mtu wa kipato cha kawaida anaweza kukinunua kimoja.

Kati ya mifano hiyo miwili kuna mingine inayoonyesha jinsi kanuni hii inavyofanya kazi. Tarehe 1 Oktoba 1961, Roger Maris wa New York Yankees alipiga mpira wake wa 61 kuvuka uzio katika msimu mmoja, akaipita rekodi ya Babe Ruth ya mwaka 1927. Waliohudhuria ni 23,154 tu, katika uwanja uliochukua watu zaidi ya 60,000. Tarehe 8 Oktoba 1956, katika fainali za World Series, Don Larsen aliwatoa wapigaji wote 27 wa Dodgers bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Hadi leo hakuna mrushaji mwingine aliyelifanya jambo hilo katika fainali hizo. Watazamaji walikuwa 64,519. Kwa kuwa tiketi za fainali zilichapwa kwa ustadi na watu walizoea kuzihifadhi, vipande vya Larsen vimesalia kwa wingi kuliko vya michezo mingi ya kawaida ya zama zile.

Kwa ufupi, uzito wa tukio peke yake haufanyi kipande kuwa ghali, wala uchache peke yake haukifanyi. Kipande cha mchezo wa Jumanne fulani ya mwaka 1923 usiokumbukwa na mtu huenda kimebaki kimoja tu duniani, na bado kisipate mnunuzi. Yanahitajika yote mawili: jambo ambalo watu wanalikumbuka, na karatasi ambayo watu hao hao waliisahau.

Ushahidi wa karatasi

Mkusanyaji hujiuliza kwanza kama kipande kweli ni cha siku inayodaiwa. Swali hili si jepesi. Tiketi nyingi za zamani zilichapwa kabla ya msimu kuanza, na badala ya tarehe ziliandikwa namba ya mchezo tu, kama vile "Mchezo wa 12". Mvua ikiahirisha mchezo mmoja, hesabu yote hubadilika. Kwa hiyo mtafiti hulazimika kurudi kwenye ratiba za msimu na magazeti ya wakati huo, ahesabu mchezo baada ya mchezo, mpaka aijue siku yenyewe. Wenzetu wanaohakiki miswada ya tenzi za kale wataitambua kazi hii. Ni uhakiki ule ule, isipokuwa mswada wake ni karatasi isiyozidi upana wa viganja viwili.

Swali linalofuata ni la ughushi. Karatasi nyingi zilizotengenezwa tangu katikati ya karne ya 20 zina kemikali za kung'arisha weupe, na chini ya mwanga wa urujuanimno huwaka rangi ya samawati. Kipande kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1920 kikiwaka namna hiyo, mnunuzi ana sababu ya kutia shaka. Wataalamu pia huchunguza wino, nukta za uchapaji na kingo zilizokatwa upya ili kuficha mikunjo. Siku hizi zipo kampuni za uthibitishaji, kama PSA iliyoanzishwa mwaka 1991, ambazo hukagua tiketi, huipa alama kati ya 1 na 10 kulingana na hali yake, kisha huifunga ndani ya kasha gumu la plastiki.

Hapo ndipo bei na thamani zinapoanza kupishana. Mara nyingi tiketi nzima ambayo haikukatwa huuzwa ghali kuliko kipande cha mchezo ule ule. Sababu inaeleweka: tiketi nzima ni adimu zaidi, kwa kuwa waliokuwa nazo wengi waliingia uwanjani. Lakini tutafakari maana yake. Tiketi nzima ni ya mtu ambaye hakwenda. Soko humlipa zaidi aliyekosa mchezo kuliko aliyeuona.

Mfano maarufu unatoka katika mpira wa kikapu. Tiketi nzima ya mchezo wa kwanza wa Michael Jordan katika ligi ya kulipwa, tarehe 26 Oktoba 1984 mjini Chicago, ilibaki nzima kwa sababu hakupatikana mtu wa kuitumia. Iliuzwa Februari 2022 kwa dola 468,000. Katika mnada huo huo ndipo kipande cha Robinson kilipoipita. Kipande kilichochanika mlangoni kiliishinda tiketi ambayo haikuguswa, na sisi tuliposoma habari hiyo tulifurahi kidogo.

Ipo pia tiketi isiyo na mchezo kabisa. Mwaka 1964 timu ya Philadelphia Phillies iliongoza ligi yake kwa tofauti ya michezo sita na nusu huku ikibakiza michezo 12. Tiketi za fainali zikachapwa. Kisha timu ikapoteza michezo 10 mfululizo, na fainali zikaenda kwa wengine. Tiketi hizo zipo hadi leo na zinauzwa. Wakusanyaji huziita tiketi za mzuka.

Kwa nini thamani hubadilika?

Sababu ya kwanza ni kwamba kumbukumbu yenyewe hubadilika. Mwaka 1998 Mark McGwire alivunja rekodi ya Maris, na Marekani nzima ikashangilia. Watu waligombania kila kitu cha msimu ule. Mpira wake wa 70 ulinunuliwa mwaka 1999 kwa takriban dola milioni 3. Mnamo Januari 2010 mwenyewe alikiri kuwa alitumia dawa za kuongeza nguvu. Karatasi hazikubadilika hata nukta moja, lakini habari wanayoisimulia ilibadilika, na mvuto wake kwa wanunuzi ukafifia.

Badiliko huweza pia kwenda upande wa pili. Wachezaji Weusi waliofungiwa mlango wa ligi kuu walikuwa na ligi zao. Desemba 2020 uongozi wa ligi kuu ulitangaza kuzitambua ligi hizo za miaka ya 1920 hadi 1948 kuwa ligi kuu kamili, na mwaka 2024 takwimu zake ziliingizwa katika rekodi rasmi. Papo hapo Josh Gibson, aliyefariki mwaka 1947 bila kuruhusiwa kucheza na Wazungu katika ligi yao, akawa kinara wa wastani wa kupiga katika historia yote. Lakini vipande vya tiketi za michezo ya Gibson viko wapi? Timu hizo mara nyingi zilikodi viwanja na kusafiri mji hadi mji, na hapakuwa na makumbusho yaliyosubiri kupokea karatasi zao. Vilivyosalia ni vichache. Hapa uchache hautokani na usahaulifu wa mtazamaji mmoja mmoja. Unatokana na taifa kuamua kuwa mambo ya watu fulani hayastahili kutunzwa.

Sababu nyingine ni mwenendo wa soko. Wakati wa janga la korona, kuanzia mwaka 2020, watu wengi wenye fedha na muda walijitosa katika ununuzi wa kumbukumbu za michezo. Bei zikapaa hadi mwaka 2022, kisha soko kwa jumla likapoa. Waliodhani kuwa bei ni ngazi ya kupanda tu walijifunza vinginevyo.

Hatimaye, tiketi ya karatasi yenyewe imekaribia kutoweka. Janga lile liliharakisha matumizi ya tiketi za simu. Mtazamaji huonyesha mchoro wa mistari au miraba kwenye kioo cha simu, mashine ikalia, naye akaingia. Hakuna kinachokatwa, na hakuna kinachobaki mfukoni. Hata kabla ya hapo mambo yalikuwa yameanza kulegea. Mwaka 2010 Roy Halladay alipoutimiza mchezo kamili mjini Miami, kwa kuwatoa wapigaji wote 27, timu mwenyeji iliziuza baada ya mchezo tiketi ambazo hazikuwa zimenunuliwa, kwa bei ya kawaida. Zilikuwa tiketi halali, lakini zilishuhudia nini?

Na sisi je?

Huenda msomaji akauliza yote haya yanatuhusu nini sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda. Yanatuhusu kwa njia mbili.

Kwanza, besiboli si ngeni kabisa kwetu. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto, Little League World Series, huko Williamsport, Marekani. Walifungwa na Panama na Mexico, kisha wakaishinda timu ya Oregon kwa alama 3 kwa 2. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Afrika katika mashindano hayo. Mashindano yale hayatozi kiingilio. Ushahidi wa siku ile umo katika picha, katika madaftari ya waandika alama, na katika vichwa vya vijana wenyewe, ambao sasa ni watu wazima. Yeyote anayefundisha fasihi simulizi anajua la kufanya.

Pili, tuliangalie tena neno tulilolichagua. Kwa majirani zetu Wakenya, kipande kina historia chungu. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 wanaume Waafrika walilazimishwa na serikali ya kikoloni kubeba kipande, yaani hati ya utambulisho na kazi, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mwenye nacho angefurahi kukitupa mtoni. Leo mtafiti wa historia ya wafanyakazi anakitafuta kwa taa. Waliokitupa walikuwa na haki ya kukitupa, na sisi tunaokihitaji tuna hasara. Yote mawili ni kweli.

Tukiri na letu. Miaka michache iliyopita, idara yetu ilipohamia ofisi nyingine, tulichoma masanduku manne ya karatasi kuukuu. Tulitia saini wenyewe. Ndani yake mlikuwa na ratiba za makongamano, orodha za wanachama wa chama cha wanafunzi, na programu za maonyesho ya tamthilia. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja aliyetufundisha wengi wetu alifariki. Binti yake alikuja ofisini akiomba karatasi yoyote ya onyesho la kwanza aliloliongoza baba yake hapa chuoni, aiweke katika kitabu cha kumbukumbu ya mazishi. Tulipekua kabati mbili. Tulimpa chai na maneno ya pole. Karatasi ile haikuwa na bei yoyote. Hakuna mnada ambao ungeipokea.

Hitimisho

Sasa tunaweza kumjibu yule mwanafunzi wa nyuma. Dola 480,000 ni bei. Ndicho alichokubali kutoa mtu mmoja siku moja, na kesho anaweza kutoa zaidi au pungufu. Thamani ya kipande kile ni kwamba kinasema: mtu fulani alikuwapo, mlango ulifunguliwa, na jambo hili lilitokea. Bei hupanda na kushuka kwa mkumbo wa wanunuzi. Thamani hukua au kufifia kadiri sisi tunavyolikumbuka jambo lenyewe na kuwa tayari kulithibitisha.

Wahenga walituasa tusitupe mbachao kwa msala upitao. Siku ya Kiswahili Duniani ilipoadhimishwa Kampala Julai 2023, wengi wetu tulivaa beji na kushika ratiba zilizochapwa. Tunawaomba wasomaji wenye nakala, pamoja na picha na karatasi nyingine za idara za miaka iliyopita, wazilete ofisini. Tumenunua jalada, tumeliandika jina, na tumeliweka juu ya kabati mbali na dirisha, maana jua hufifisha wino. Kila karatasi itakayoletwa iandikwe nyuma, kwa penseli, tarehe, mahali na majina ya waliokuwapo. Kwa sasa jalada hilo lina karatasi tatu.